Sema Mjini

Wakatie maji wiki nzima, watu wa mji ule watanung'unika kidogo kisha watabeba ndoo. Wapandishie nauli, watalaani, watalipa. Lakini liguse jina la utani la mji wao ukiwa huna haki nalo, hapo utajua kwamba ule upole wote ulikuwa wa juujuu.

Jina lenyewe ni Kifuniko. Mji una jina lake la serikali, lile la kwenye ramani na mihuri, na hilo kila mtu ana ruhusa nalo, hata mpita njia. Kifuniko ni habari nyingine. Mji umekaa bondeni, vilima vimeuzunguka, na karibu kila asubuhi wingu jeupe hushuka likalala juu ya vilima hivyo mpaka jua lipate nguvu ya kuliondoa. Wengi wanasema ndiyo asili ya jina. Wapo wanaoshikilia kwamba jina limetokana na moshi wa majiko ya jioni usiokuwa na pa kutokea, na wapo wanaosema ni kwa sababu siri za mji huu hazitoki nje, ingawa mimi nimezisikia zote nikiwa nje. Ukiwauliza watakuchelewesha, na mwisho hutapata jibu.

Sheria zao ni hizi. Jina hutamkwa na aliyezaliwa chini ya wingu lile. Hutamkwa kwa kunung'unika au kwa kukumbuka nyumbani, wala si kwa kujisifu. Haliandikwi popote. Manispaa iliwahi kuliandika kwenye kibao kikubwa cha kuwakaribisha wageni, na kabla wiki haijaisha kibao kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi. Hakuna aliyekiri, ila kila mtu alimwona kinyozi wa karibu na stendi akitembea na rangi kwenye kucha. Mtu wa kuja, hata akae mpaka aote mvi, anatakiwa aseme "mjini". Akikosea atachekwa, kisha atarekebishwa, na akizidi kukosea watu watanyamaza wamtazame, na kunyamaza huko ndiko kubaya.

Bi Mapazia alizaliwa chini ya wingu, kama baba yake na babu yake. Jina la Bi Mapazia alipewa kwa kazi yake. Alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa cherehani ya miguu iliyokuwa inalia kama inasaga mchanga, na nusu ya madirisha ya mtaa yalivaa kazi ya mikono yake. Alikuwa na macho ya kupima. Akipita barabarani alijua dirisha la nani limeongezwa nondo na pazia la nani limeanza kuchoka kwenye pindo. Mtu akimletea vipimo vya kukisia, alivikataa, akavaa kandambili akaenda kupima mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Alikuja na kampuni iliyofukua barabara kulaza mabomba mapya, akiwa kijana mwembamba mwenye spana kubwa kuliko mkono wake, akaagiza pazia. Bi Mapazia, ambaye wakati huo alikuwa bado msichana anayejifunza kazi katika duka la shangazi yake, akamwambia hashoni bila kupima. Wakaongozana mpaka kwenye chumba alichopanga. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kuta nne, mlango na kitanda. Alipomuuliza pazia ni la nini, kijana alijikuna kichwa akasema ukweli, kwamba alitaka sababu ya kurudi pale dukani. Pazia akashonewa hivyo hivyo, na kwa miaka yote iliyofuata lilining'inia ukutani nyumbani kwao likifunika sehemu isiyo na kitu, na kila mgeni aliyelifunua alikuta ukuta akacheka.

Yeye hakuwahi kumwita mkewe Bi Mapazia. Alimwita Sindano. Alimwita hivyo tangu siku ile ya kupima chumba, kwa sababu, alisema, kitu chembamba namna ile kimemchoma bila yeye kujua kimeingilia wapi. Walipozeeka na Sindano akanenepa kidogo, jina halikubadilika. Alilisema kutoka uani, alilisema kwenye simu, alilisema akiwa amekasirika, na hata kwa hasira lilikuwa tamu.

Siku ya harusi yao alisimama kushukuru. Furaha ilikuwa imempanda kichwani, akasema anakishukuru Kifuniko kwa kumpa mke. Watu wakanyamaza. Kaka yake bibi harusi, mwanamume mnene aliyekuwa mlinzi wa jina lile kama vile alikabidhiwa na marehemu babu yao, akainuka kwenye kiti akasema kwa sauti ya kistaarabu, "Shemeji, wewe sema mjini." Kijana alifumba mdomo. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba kiti alichokalia kina mwenyewe, akasema, "Samahani, wenyeji." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa bibi harusi.

Basi ikawa utani wa nyumba. Miaka ikapita, zaidi ya thelathini, na ikitokea ulimi wa mume umeteleza, akaanza kusema leo Kifuniko kina baridi, mke hakusimamisha hata cherehani. Aliinua kidole tu. "Wewe sema mjini." Naye alifumba mdomo, akainamisha kichwa, akasema samahani, wenyeji. Wakacheka wote wawili. Bi Mapazia aliamini kabisa kwamba wanacheka wote wawili. Hakuwahi kumuuliza, kwa nini amuulize mtu juu ya utani?

Kwenye benchi la kinyozi walimwita Mgeni. Benchi lile ndilo lililokuwa bunge, mahakama na redio ya mtaa, na kinyozi alikuwa mwenyekiti wake kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na wembe. Mgeni alikaa mwishoni, pale mguu wa benchi ulipokuwa mbovu. Alisikiliza hoja zote. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya ng'ambo ya daraja, ambako wingu halifiki, ana haki au hana? Mtu aliyehamia mbali miaka ishirini akirudi, anaendelea na jina au anaanza upya? Walibishana mpaka mate yakawakauka, kisha wakamtuma Mgeni aangalie kwa nini bomba la nyuma linavuja, akaenda, akaziba, akarudi kukaa palepale kwenye mguu mbovu. Siku moja aliuliza, polepole, kama anauliza habari za mtu mwingine, je, mtu wa kuja akikaa sana, akazika huku na akazaa huku, hawezi kufikiriwa? Kinyozi alimwambia hoja ni nzuri na itajadiliwa. Mpaka nywele zake zinakuwa nyeupe ilikuwa bado inajadiliwa. Wakati huo kila mmoja wao alikuwa anakunywa maji yaliyopita katika mabomba aliyoyalaza yeye, lakini maji hayana hoja kwenye benchi.

Walipata mtoto mmoja, binti. Huyo alizaliwa chini ya wingu, haki yake haikuwa na mjadala. Alipoanza kusema, baba yake alizoea kumpandisha mabegani asubuhi, akasimama naye uani akimwonyesha vilima, na mtoto akapiga kelele, "Kifuniko!" Baba akamwambia, sema tena. Mtoto akasema tena. Sema tena, mama. Bi Mapazia aliwaona kupitia dirishani akadhani ni mchezo wa mtoto. Binti alikua, akaolewa mbali, akabaki kuwa sauti ya kwenye simu kila mwisho wa wiki.

Kiharusi kilimkuta fundi bomba chini ya sinki la mteja. Walimtoa kwa kumvuta miguu, spana bado iko mkononi. Hospitalini upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala, na mdomo umekwenda kando. Kwa muda hakutoa sauti yoyote. Bi Mapazia alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda akijikaza, akiwaambia wanaokuja kwamba anaendelea vizuri, huku moyoni hajui kama mtu aliyemo ndani ya ule mwili bado yupo.

Halafu asubuhi moja akafumbua macho, akamtazama mkewe, akasema wazi kabisa, "Kifuniko."

Nesi wa zamu alikuwa mtu wa kuja. Alifurahi kuona mgonjwa amesema, akaanza kuhangaika wodini kutafuta kifuniko cha chupa ya chai. Bi Mapazia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya sinki. Alicheka mpaka akaliona lile kombo la mdomo wa mumewe likijaribu kucheka naye, hapo kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akatoka kwenda kusimama ukumbini.

Hilo ndilo neno alilobaki nalo. Maneno mengine yote yalikuwa yamekwenda na maji. Akitaka kinywaji, Kifuniko. Akiumwa bega, Kifuniko. Redio ikikwaruza, Kifuniko. Dada mmoja kijana, mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kusema, alimweleza Bi Mapazia kwamba hutokea hivyo, kwamba kiharusi hufagia nyumba nzima kikasahau kitu kimoja kwenye kona, na haijulikani kwa nini kitu hicho. Alimwambia lake lilikuwa moja tu la kushika. "Mama, neno lolote atakalolisema lipokee. Usimkatize, usimsahihishe. Huo ndio uzi uliobaki, tutauvuta taratibu mpaka mengine yafuate." Bi Mapazia aliitikia. Nyuzi alizijua kuliko mtu yeyote, alisema.

Walirudi nyumbani. Kitanda kiliwekwa chumba cha mbele, kati ya cherehani na dirisha, ili awe anamwona akifanya kazi. Mke akaanza kujifunza lugha mpya yenye neno moja. Kifuniko cha kiu kilikuwa kifupi. Cha maumivu kilianzia kooni. Cha kutaka kugeuzwa kilikuwa na haya, maana mwanamume yule hakupenda kuinuliwa na mkewe. Baada ya muda akawa hakosei sana, na mtu akiwaona alidhani wanaongea.

Lakini yeye alitaka kitu kimoja. Alitaka aitwe. Alikitaka kwa uchu ambao alikuwa anauonea aibu, mwanamke wa umri wake. Asubuhi kabla ya kazi alivuta kiti, akashika sindano mbele ya macho ya mumewe, akasema, "Sin-da-no." Mumewe aliitazama ile sindano, akamtazama yeye, akakusanya nguvu zote usoni mpaka mishipa ikasimama, akasema kwa upole mkubwa, "Kifuniko." Alirudia kesho. Alirudia keshokutwa. Akashikwa na wivu. Alikuwa hajawahi kumwonea mwanamke yeyote wivu, sasa akauonea mji. Kati ya vyote ambavyo mtu yule aliishi navyo, kitanda kimoja, mtoto mmoja, pazia la kwenye ukuta, kilichobaki kichwani mwake kilikuwa jina la mahali ambapo hawakumpa hata ruhusa ya kulitaja. Na yeye Sindano alikuwa amekwenda na maji.

Na aibu ilikuwepo, tusimfiche. Dirisha lilikuwa la barabarani. Majirani walisikia. Watoto walisimama nje wakasikiliza mzee wa kuja akisema lile neno mchana kutwa kama ana hati yake, wakakimbia kwenda kusimulia. Bi Mapazia akaanza kufunga dirisha. Kisha akashona pazia zito, lenye bitana, la kuzuia sauti, akamwambia mumewe ni la kuzuia baridi. Mumewe alilitazama likipandishwa pete kwa pete. Vilima havikuonekana tena kutoka kitandani.

Habari zikafika kwenye benchi, zingeachaje kufika? Benchi likagawanyika. Wako waliosema ugonjwa ni udhuru. Wako waliosema neno linalotoka bila mtu kujua si neno, ni kikohozi tu, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Kaka yake Bi Mapazia, ambaye sasa alitembea na fimbo lakini msimamo wake ulikuwa bado unatembea wenyewe, alisema kikohozi hakina silabi nne. Mwishowe, watu wazima na mvi zao, wakaamua waende wakamwone mgonjwa, wajionee.

Walikuja Jumapili mchana, kaka mtu, kinyozi, na karani mmoja mstaafu aliyependa kusema "kwa mujibu wa". Bi Mapazia aliwapokea kwa furaha ya kweli, maana wageni walikuwa wamepungua. Aliwapikia chai, akawapa viti, akamwinua mumewe kwenye mito na kumchana nywele. Wakamsalimu. Naye, kwa kuwa alifurahi kuwaona, akawajibu kwa alichokuwa nacho.

"Kifuniko."

Kinyozi akatabasamu kwanza, karani akafuata, kisha kaka mtu akakohoa na kuweka kikombe chini. Mjadala ulianza pale pale, juu ya kitanda, vikombe vikiwa mkononi. Sitaki kusema walikuwa watu wabaya. Kinyozi alimpenda Mgeni. Siku ile ya kwanza alifunga kibanda akakimbia hospitali na wembe mfukoni. Lakini kubishana juu ya jina lile ndiyo njia pekee waliyoijua ya kukaa na mtu, na walikaa naye hivyo. Kinyozi alisema apewe, jamani, kakaa nasi umri mzima. Kaka mtu alisema ukimpa mmoja kwa kuumwa, kesho kila mwenye homa atakuja kudai. Karani aliuliza kama mgonjwa anakusudia mji, kwa mujibu wa nia, au anakusudia maji ya kunywa. Wakamgeukia kumuuliza. Mgeni aliwatazama mdomo hadi mdomo, kama alivyowatazama miaka yote kutoka kwenye mguu mbovu wa benchi.

Kisha akaacha kuwatazama. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima. Ncha za vidole viwili zilikuwa zimebanana pamoja, mkono umenyooshwa mbele kuelekea kwake. Akasema, "Kifuniko." Mkewe hakuitika. Akasema tena, kwa nguvu, macho yamemtoka, "Kifuniko!"

Kaka mtu alimtazama dada yake. Alimtazama tu, jinsi alivyomtazama siku ya harusi, na uso wa Bi Mapazia ukawaka moto. Alikuwa amechoka, sinia lilikuwa zito, na watu wake wote wa damu na wa mtaa walikuwa wanasubiri waone yeye ni wa upande gani. Mdomo ukamtangulia. Ukasema kile ulichozoea kusema, kwa sauti ile ile ya utani ya miaka yote.

"Wewe sema mjini."

Wanaume wakacheka. Walicheka kwa kupumua, kama watu walioondolewa mzigo, na kinyozi akasema haya sasa, mwenye nyumba kaamua. Yeye mwenyewe alicheka kidogo. Kwenye kitanda mumewe alifumba mdomo. Mkono ukashuka taratibu juu ya shuka. Akainamisha kichwa kidogo. Kilichokosekana ni samahani, wenyeji.

Wageni walipoondoka aliosha vikombe, akarudi kwenye cherehani kumalizia pindo la mteja. Uzi ulikuwa umekatika. Akatoa sindano, akalamba uzi, akabana ncha ya sindano kwa vidole viwili na kuinyoosha mbele kwenye mwanga ili aone tundu. Hapo aliuona mkono wake mwenyewe. Vidole viwili vimebanana, mkono umenyooshwa. Sindano ikamponyoka ikaanguka chini.

Alikuwa anamwita. Hakukuwa na maji wala maumivu wala mji katika neno lile. Alikuwa amehangaika peke yake, siku zote zile za Sin-da-no, akatafuta njia ya kuzunguka lile neno moja, akaipata, akamwita mbele za watu, mara mbili. Naye akamwambia aseme mjini.

Alipiga magoti kando ya kitanda. "Ulikuwa unaniita mimi? Baba, ulikuwa unaniita?" Akambana vidole vyake viwili, akavinyoosha, akasema niite tena. Mumewe alimtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Vidole vilikaa jinsi alivyovipanga, kisha vikaachana.

Hakusema siku ile, wala siku zilizofuata. Dada wa mazoezi alipokuja alijaribu kila alichokuwa nacho, picha, kengele, nyimbo za kuimbisha watoto, kisha akauliza kama kuna kilichotokea. Bi Mapazia alimweleza chote, hakujipunguzia. Yule dada hakumlaumu. Alifunga mkoba wake akasema huenda likarudi, huenda lisirudi, uzi ule ulikuwa mwembamba. Aliposhuka ngazi ya mlangoni Bi Mapazia alitamani angalau angemgombeza.

Kwenye benchi walisikia, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwe benchi, walifikia uamuzi. Kinyozi alikuja amevaa koti. Alisimama kando ya kitanda akatangaza kwamba hoja iliyowekwa miaka ile imejadiliwa na imepita, hakuna aliyepinga, jina ni lake kama lilivyo la mtu yeyote. Alisubiri. Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima. Kinyozi alitoka nje akasimama kwenye ukuta wa jirani, akageuza uso.

Kaka mtu alikuja peke yake siku nyingine, bila kusema anakuja. Aliiegemeza fimbo kwenye cherehani, akakaa ukingoni mwa kitanda, mnene yule, kitanda kikalia. Alimshika shemeji yake mkono ule uliokufa. "Shemeji, sema. Sema unavyotaka. Mimi ni mpumbavu wa siku nyingi." Machozi yakamshuka kwenye mashavu mpaka kwenye kola. Mgonjwa alimpapasa mgongo wa kiganja kwa mkono mzima, kama mtu anayemfariji mwenyeji aliyefiwa. Mdomo hakuufungua.

Binti alipiga simu. Mama yake aliiweka kwenye sauti kubwa, juu ya mto. Yule mwanamke mzima na watoto wake huko mbali akapiga kelele kama alivyopiga akiwa mabegani, "Baba! Kifuniko! Baba, sema tena!" Chozi lilitoka jicho la kushoto, lile lililoweza, likaingia sikioni. Walisubiri wote watatu, mmoja akilia kwenye simu, mpaka salio likakatika.

Bi Mapazia aliliteremsha lile pazia zito. Alilikata vipande kwa mkasi mkubwa, bitana na vyote, kazi ambayo angemfokea mwanafunzi wake yeyote akiifanya, akavitumia kufutia mafuta ya cherehani. Dirisha sasa liko wazi tangu asubuhi. Anashona kidogo tu, na wateja wanaanza kulalamika kwamba pindo zake zinakwenda upande. Anawaambia kweli, zinakwenda upande. Hajui tena afanye nini na mchana.

Asubuhi anamwinua kwenye mito, anamfuta uso, anamgeuza dirishani. Wingu linakuwa bado limelala juu ya vilima, jeupe. Anavuta kiti karibu, anaweka mdomo wake karibu na sikio la mumewe, na dirisha likiwa wazi hivyo, wapita njia wakisikia, analisema yeye. Analisema mara nyingi. Anasema ni chako, anasema hakuna mtu humu ndani ila sisi, anasema niite hivyo hivyo nitaitika, nitaitika jina lolote utakalonipa.

Mumewe anatazama vilima. Anamtazama yeye. Anainamisha kichwa kidogo, na anaufumba mdomo wake kwa adabu, kama mgeni.